Dakika Nne

Walimchukua Alhamisi, magharibi ikiadhiniwa.
Afande Mwanahawa wa Dawati akatazama ukutani,
akaandika kitabuni: saa kumi na mbili na dakika arobaini.
"Kuanzia hapa, dada, saa inahesabu.
Kesho wakati kama huu
awe ameshasimama mbele ya hakimu."

Miaka tisa nilikuwa nahesabu mwenyewe.
Mji huu una baiskeli kuliko milango,
na katika kengele zote za Tanga naijua ile moja,
imevunjika kifuniko, hailii, inakwaruza.
Ikikwaruza mara mbili, kalewa.
Mara moja, kalewa na kibarua hakulipwa.
Isipokwaruza kabisa,
Salima anabeba daftari lake, anahamia kwa jirani
bila kuambiwa.

Usiku ule Bombo walinishona nyuzi sita juu ya sikio.
Tabibu kijana, PF3 juu ya goti,
akauliza, "Ulipigwa na nini?"
Pampu.
"Ya maji?"
Ya baiskeli.
Akanyamaza kidogo,
kisha akaandika: kitu butu.

Ijumaa alfajiri mamake akanigongea.
Kabeba chakula cha mahabusu, bakuli limefungwa kwa leso,
na juu ya bakuli kabeba maneno:
"Riziki, mambo ya ndani humalizwa ndani."
Nikamjibu, mama, ndani hakukuisha kitu.
Nilikuwa naisha mimi.
Akalitazama lile bandeji.
Hakusema tena, lakini hakuniaga.

Karandinga lilikuwa Muheza,
basi wakamleta mahakamani kwa bajaji,
yeye katikati, askari huku, askari huku,
kama bwana harusi.

Chumba namba mbili. Feni inazunguka kwa kusitasita.
Kabla yetu kulikuwa na kesi ya mbuzi.
Mbuzi alikula dakika ishirini:
wa nani, wa rangi gani, nani aliona kamba.
Nami macho kwenye saa,
nikiogopa adhana ya Ijumaa itanyanyua watu
kabla sijafikiwa.

"Hatibu Kombo Shemahonge."
Akasimama.
Mwendesha mashtaka akasoma kwa sauti ya mtu mwenye njaa,
kwamba wewe, siku hiyo, eneo la Mikanjuni,
ulimshambulia Riziki binti Mbwana na kumjeruhi kichwani.
Watu wa kesi ya mbuzi walikuwa bado mlangoni.
Wote walisikia.
Miaka tisa aibu ile nimeivaa mimi,
leo imesomwa kwa jina lake.

"Kweli si kweli?"
"Si kweli, mheshimiwa."
Sauti ile sikuwahi kupewa nyumbani.
Ni ile ya kumkopa Mangi unga.

Dakika nne. Nilizihesabu.
Kisha nikasikia: dhamana iko wazi.
Wadhamini wawili, barua ya mtendaji.
Asikanyage Mikanjuni. Asimtume mtu.
Shauri litatajwa tarehe ishirini na tisa.

Nilidhani haraka ile yote ni yangu.
Kumbe tuligawana:
sheria iliyomleta mbio
ndiyo iliyomfungulia mlango,
na mlango wa mahakama ni mmoja.
Afande Mwanahawa akanishika kiwiko,
"Mwache atangulie. Wewe karatasi unayo."
Nikaikunja mara nne, nikaiweka
pale ninapoweka hela.

Jumapili, mtoto wa jirani kasimama ukumbini.
"Baba Salima kanipa hii. Kasema chai isikose."
Sukari. Nikaipima kwa kiganja: kilo nzima.
Enzi zake ilikuwa robo, na robo yenyewe ya kuomba.
Sikuifungua.
Chai tulikunywa chungu;
Salima akakunja uso, akamaliza kikombe,
akauliza, "Hata kuonja?"
Hata kuonja.

Jumatatu nikaipeleka Chumbageni vile vile na fundo lake.
Pampu niliikuta kwenye rafu, imefungwa karatasi yenye namba.
"Kaleta nini?"
Katuma. Sukari.
Sikujua kama atacheka.
Afande Mwanahawa akafungua kitabu,
akatazama ukutani,
akaandika saa.